Yamato yangu imezama mara mbili mfululizo, Jumamosi nichukue manowari gani?

MpigaMzinga_Tabata

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaoujua huu mchezo wa vita vya meli wa mezani, japo sisi tunachezea sakafuni maana meza haitoshi. Tunatumia sheria za Fletcher Pratt, yule mwandishi wa Marekani wa miaka ya 1930, zile ambazo kufyatua hakuna dadu. Unapiga magoti, unafumba jicho moja, unaweka mshale wa karatasi kuelekea meli ya adui unaandika inchi ngapi, halafu refa anakuja na futi anapima anaweka kizibo cha soda pale kombora lilipoangukia. Likiangukia juu ya meli umepiga, likiangukia pembeni umepiga maji. Kila meli ina alama zake zinazotokana na mizinga, deraya, spidi na tani, na kadri alama zinavyoliwa ndivyo spidi inavyoshuka na mizinga inavyonyamaza mmoja mmoja. Kuna vitu tumerahisisha ila msingi ndo huo.

Sasa tuko watano, mjomba ndo refa, na baraza tunaazima kwa jirani, kubwa la vigae. Kila upande unapewa alama sawa unanunua meli unazotaka. Mi mara zote nachukua Yamato, ile manowari ya Wajapani ya Vita Kuu ya Pili, kwa sababu ukiiangalia kwenye karatasi hakuna kama hiyo, mizinga 9 ya sentimita 46, deraya (chuma cha kinga) ya ubavuni milimita 410, ikiwa imejaa inazidi tani 70,000. Nikishailipia nabakiwa na alama za distroya moja tu, ile manowari ndogo ya kasi.

Mara ya kwanza shemeji alileta kruza mbili (manowari za ukubwa wa kati) na distroya sita, wakaja kutoka pande mbili, mi nikawa nahangaika nipige wapi, mzunguko wa saba nina topido tatu (makombora yanayopita majini) tumboni na spidi ya ngalawa. Mara ya pili tulicheza wawili wawili, mwenzangu ana Nagato mi Yamato, shemeji ana Iowa ya Wamarekani na kundi lake, na sisi wote wawili tukawa tunaipiga hiyohiyo Iowa. Mizunguko sita tumepata kombora MOJA. Vizibo vimejaa pale chini hata sijui kipi changu kipi cha mwenzangu, nikiongeza inchi naona kama nilitakiwa kupunguza. Iowa yenyewe iko kule karibu na mlango inatudonoa, nikiifuata inasogea, nikiiacha inarudi. Iliniuma sana kusema ukweli maana ile Yamato niliikata mwenyewe kwenye boksi la televisheni siku mbili nzima na vibanda vya mizinga vinazunguka.

Jumamosi hii kazi ni tofauti. Upande mmoja unasindikiza msafara wa meli sita za mizigo kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, mwingine unavizia. Mi nimepangiwa kusindikiza. Nibaki na Yamato nijifunze kuitumia au nichukue Iowa, au Bismarck na Prinz Eugen za Wajerumani? Na manowari kubwa inatumikaje hasa, maana naona wenzangu wanaichukua inawalipa mi inaniua.

Mzee_wa_Chamwino

Mkuu Yamato karibu kila mtu anaanza nayo, usijilaumu. Ila umeanza na meli ukamalizia na kazi, geuza. Kwanza kazi, halafu ndo meli.

Chukua hiyo mechi ya pili. Iowa inakwenda noti 33 (maili za baharini kwa saa), Yamato noti 27. Hizo noti 6 sakafuni kila mzunguko ni inchi kadhaa, maana yake mwenye Iowa ndo anaamua mpigane mkiwa umbali gani na wewe huna sauti. Ukitaka kumfuata mtu anayekuzidi spidi utamfuata mpaka jikoni. Ulitakiwa uwe na kitu ambacho yeye analazimika kukijia, bandari au msafara au chochote, wewe ukae mbele ya hicho kitu umsubiri. Meli nzito inayongoja ni mbaya kuliko meli nzito inayokimbiza.

Deraya nayo iangalie vizuri. Hizo milimita 410 ni za ubavuni. Kombora la karibu linakuja limelala linagonga ubavu, la mbali sana linapanda juu kisha linashuka utosini linagonga sitaha ambako chuma ni chembamba zaidi. Kuna umbali wa katikati ambapo ubavu unahimili na sitaha inahimili, hayo ndo makazi ya manowari kubwa. Kaa na jedwali lenu Ijumaa usiku utafute inchi hizo ni kuanzia ngapi mpaka ngapi kwa mizinga ya adui yako, ziandike kwenye kiganja kabisa.

Halafu ubavu, hapa naona ndo ulipoumia zaidi bila kujua. Yamato ina vibanda vitatu vyenye mizinga mitatu mitatu, viwili viko omo (mbele) na kimoja tezi (nyuma). Ukimfuata adui kwa omo unapiga na mizinga 6 wakati umelipia 9, na yeye amekupa ubavu anakupiga na yote. Hood ya Waingereza ilifikwa na hili tarehe 24 Mei 1941. Ilikuwa inamsogelea Bismarck kwa pembe ambayo mizinga ya nyuma haioni, ikaanza kugeuka ili na ile ya nyuma ifanye kazi, kombora likaingia wakati iko kwenye kugeuka. Ikalipuka, mabaharia zaidi ya 1,400 wakafa wakapona 3. Kwa hiyo geuka mapema, mizunguko miwili kabla hujaingia kwenye umbali wako, sio ukishafika. Kama unapenda sana kwenda kwa omo basi chukua Rodney, hiyo vibanda vyote vitatu viko mbele, ila noti 23 tu ujue.

Kamanda_Kichuguu

Bismarck mkuu usisikilize mtu. Noti 30, mizinga 8 ya sentimita 38, ilimzamisha Hood ndani ya dakika chache. Na Prinz Eugen pembeni kwa mbali inafanana nayo, adui anachanganya.

Mzee_wa_Chamwino

@Kamanda_Kichuguu ilimzamisha Hood tarehe 24, tarehe 27 na yenyewe ikazama. Iliachana na Prinz Eugen siku ileile ya 24 ikabaki peke yake, jioni ya tarehe 26 zile ndege za kizamani za Swordfish kutoka Ark Royal, meli ya Waingereza ya kubeba ndege, zikaipiga topido moja kwenye usukani, ikawa inazunguka tu mpaka asubuhi Rodney na King George V walipofika. Nzuri ndiyo, ila mwenzetu ana msafara wa kulinda, Bismarck ilitumwa kuwinda misafara sio kuichunga.

BintiPangani

Kaka MpigaMzinga, mi nacheza upande wa distroya karibu kila mara na Yamato nimeshazizamisha kadhaa, kwa hiyo ngoja nikwambie ninachokiona mimi nikiwa upande wa pili.

Nikiona mtu ameweka Yamato na distroya moja nafurahi. Sihitaji kuipiga. Natuma distroya tatu kushoto tatu kulia, naachia topido mistari miwili inayokatana kama mkasi, na mwenye Yamato akiona ile mistari ya chaki inamjia anafanya kilekile kila mara, anageuza meli anaipa mgongo. Akishageuka kazi yangu imeisha hata kama topido zote zimepita pembeni, kwa sababu meli ndefu vile kugeuka inachukua mizunguko, na kurudi mizunguko mingine, muda wote huo mizinga ya sentimita 46 inaangalia ukuta. Na hii sio ya sakafuni tu. Tarehe 25 Oktoba 1944 kule Samar, Ufilipino, Yamato yenyewe pamoja na Nagato, Kongo na Haruna walizikuta meli ndogo za Marekani za kubeba ndege zina distroya tatu na meli nne za usindikizaji ndogo kuliko distroya. Hao wadogo wakaja mbele wakaachia topido. Yamato ikageuka kuzikimbia, topido zikawa zinaenda nayo sambamba kushoto na kulia, ikashindwa kugeuka kwa kama dakika kumi, ikabaki inaenda kaskazini inaacha vita nyuma yake. Johnston, Hoel na Samuel B. Roberts zilizama, lakini kati ya zile meli sita za kubeba ndege makombora yalizamisha moja tu, Gambier Bay.

Dawa yake ni ngumu kwa moyo ila inafanya kazi. Topido zikija GEUKIA KULE ZINAKOTOKA, sio kinyume. Unazipa omo ambayo ni nyembamba, zinapita pembeni, na wewe bado uko vitani. Ukizipa mgongo unajitoa mwenyewe. Admirali wa Waingereza Jellicoe kule Jutland tarehe 31 Mei 1916 aligeuza mgongo distroya za Wajerumani zilipoachia topido, meli zake zikapona lakini Wajerumani wakampotea kwenye ukungu na giza.

Na mizinga mikubwa usiipige kwa distroya kaka. Mizinga 9 ya kukadiria kwa macho dhidi ya kikaratasi cha urefu wa kidole kinachokata kona, unapoteza bure. Tumia mizinga ya pili, ile midogo ya pembeni, mikubwa iache kwa mkubwa mwenzio.

Kuhusu vizibo sasa. Mlikuwa wawili mnapiga Iowa moja na vizibo vya rangi moja? Hapo hata angekuwa nani asingepata. Wajapani walitia rangi ndani ya makombora yao, kila meli na rangi yake, maji yanaruka mekundu, ya kijani, ya njano, ndo mpigaji anajua hili ni langu. Kule Samar mabaharia wa Marekani walikuwa wanayaona hayo maji ya rangi yanaruka pembeni yao. Sasa nyie kunyweni soda tofauti tu. Wewe vizibo vyekundu, mwenzio vya kijani. Mzunguko wa kwanza piga kwa kukadiria, wa pili ongeza mpaka kizibo chako kivuke ng'ambo ya meli, wa tatu gawa katikati. Ukijua kizibo chako, mizunguko sita utapata zaidi ya kombora moja nakuhakikishia.

Na wewe ukipigwa usiende moja kwa moja. Kizibo cha adui kikianguka mbele yako, elekea palepale kilipoanguka, kwa sababu yeye mzunguko ujao anarekebisha, hapigi tena pale. Wale wa Samar nao walitumia hii.

MpigaMzinga_Tabata

Dada BintiPangani hapa umenifungua macho, yaani lile la vizibo nimemwambia mjomba sasa hivi kwenye simu akacheka akasema alikuwa anaona tunavyohangaika ila refa haruhusiwi kuongea.

Sasa kwa msafara? Nimeanza kuona Yamato niiache ila roho inasita. Shemeji kama namjua atakuja na kitu kikubwa chenye spidi. Nikichukua meli ya bei ndogo si atanimaliza?

Baharia_wa_Likoni

Ndugu yangu wa Tabata, nakuandikia kutoka Mombasa. Mimi ningechukua Ramillies ya Waingereza.

Najua wengi hawaiangalii. Ni meli ya mwaka 1917, hata noti 23 haifiki, kwa karatasi ni kikongwe. Kwa ajili hiyo bei yake ni ndogo. Lakini ina mizinga 8 ya inchi 15, na mizinga ya inchi 15 haijui umri. Tarehe 8 Februari 1941 Scharnhorst na Gneisenau za Wajerumani, mbili kwa pamoja, zenye kasi ya noti zaidi ya 30, zilikuta msafara wa HX 106 kwenye Atlantiki. Walipoona mlingoti wa Ramillies umesimama katikati ya zile meli za mizigo, admirali Lütjens akaamuru waondoke. Hakikupigwa kitu. Amri aliyopewa ilikuwa asipambane na manowari kubwa, kwa sababu kombora moja baya la inchi 15 mtu yuko mbali na kwao hivyo ni safari imeisha. Mwezi uliofuata Malaya, nayo kikongwe ya mizinga 8 ya inchi 15, ikawafukuza hao hao wawili kwenye msafara mwingine.

Kwa kazi yako spidi ni ya nini? Msafara wenyewe unatambaa. Manowari ya noti 33 ikisindikiza meli za noti 9 hizo noti 24 umezilipia za nini? Zigeuze ziwe distroya. Kwa alama za Yamato naona utapata Ramillies na distroya tano hata sita, inategemea hesabu yenu.

Hizi meli kwetu hapa si ngeni. Mwaka 1942 Wajapani walipopiga Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwezi wa nne, Waingereza walihamishia meli zao za Bahari ya Hindi hapa Kilindini, na ndugu zake Ramillies walikuwemo. Yenyewe Ramillies ilipigwa topido na kijinyambizi cha Wajapani kule Diego Suarez, Madagaska, tarehe 30 Mei 1942, na haikuzama. Basi ukiwa na distroya zako ziweke nje, upande ambao topido zitatoka, usizifiche nyuma ya meli kubwa. Washington ya Wamarekani ilipoizamisha Kirishima ya Wajapani usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba 1942 pale Guadalcanal ilikuwa na distroya nne mbele yake, mbili katika hizo zilizama usiku uleule na ya tatu ikapotea siku iliyofuata. Inauma kusema, lakini ndiyo kazi yake.

Jambo jingine, nunua ndege ya kutazama. Sisi tumeweka kanuni kwamba wote mnapiga magoti isipokuwa mwenye ndege, yeye anaruhusiwa kusimama mzunguko mmoja katika miwili kabla ya kuandika inchi. Mtu akisimama anaona sakafu yote, tofauti ni kubwa mno. Tumeitoa Rufiji. Königsberg, kruza ya Wajerumani, ilipojificha kwenye delta ile, meli za Waingereza Severn na Mersey hazikuwa zinaiona, kuna mikoko na kona za mto, zikawa zinapiga kwa kuambiwa na ndege makombora yanaangukia wapi. Tarehe 6 Julai 1915 walishindwa wakarudi, tarehe 11 wakaimaliza. Mzinga mmoja wa Königsberg uko Fort Jesus hapa, ukija nitakupeleka uushike.

BintiPangani

Baharia hiyo ya Ramillies ni safi, sikuifikiria kabisa. Naongezea kwamba hata huko kupiga magoti kuna maana. Mwaka 1942 pale Liverpool wale wasichana wa jeshi la maji la Uingereza, chini ya ofisa Gilbert Roberts, walikuwa wanaendesha mchezo kama huu sakafuni kwa chaki kutafuta namna ya kulinda misafara dhidi ya nyambizi, na maofisa waliokuja kufundishwa walikalishwa nyuma ya pazia lenye matundu ili waone kile tu ambacho nahodha angekiona baharini. Kwa hiyo kaka mwambie mjomba akaze, asiyenunua ndege asisimame.

MpigaMzinga_Tabata

Mrejesho wakuu.

Nimechukua Ramillies, distroya tano na ndege moja. Shemeji alivyoona nimeiacha Yamato akaichukua yeye, pamoja na kruza nyepesi moja. Ile ile niliyoikata mimi.

Nikaweka Ramillies katikati ya msafara, upande wa ndani, distroya tatu nje na mbili mbele. Mizunguko minne ya kwanza yeye anapiga mi najibu kidogo tu, najitahidi kusogea kule vizibo vyake vinapoanguka, akapata kombora moja kwenye meli ya mizigo ya nyuma ikazama. Mzunguko wa tano nikasimama na ndege yangu, aisee mtu akisimama kweli ni dunia nyingine, nikaona nilikuwa naandika pungufu kila mara kwa inchi karibu nane. Nikasahihisha, vizibo vyekundu viwili vikakaa juu ya sitaha ya Yamato. Palepale nikatuma zile distroya tatu za nje na topido mkasi kama dada alivyosema. Moja ilifika karibu sana ikapigwa na mizinga ya pili ikafa, ya pili ikafa mzunguko unaofuata baada ya kuachia zake. Shemeji akaangalia mistari ya chaki, akaangalia meli yake, akaipa mgongo.

Alivyomaliza kugeuka na kurudi meli ya kwanza ya mizigo ilikuwa inagusa ukuta. Zimefika tano kati ya sita. Ramillies imebaki na mizinga 4 na spidi nusu, topido haikumpata hata moja yule, Yamato imetoka na makombora yangu matatu tu mwilini na bado inaelea.

Mjomba amekubali kanuni ya ndege iwe ya kudumu. Shemeji anasema Jumamosi ijayo Yamato ni yake tena na mimi nachukua upande wa kuvizia, kwa hiyo dada BintiPangani naomba unielekeze ule mkasi unauanzia inchi ngapi, maana leo nimeachia mapema mno naona zilikuwa na nafasi ya kukwepwa.

BintiPangani

Kwa sheria zenu sijui topido inatembea inchi ngapi kwa mzunguko. Chukua hizo inchi zidisha mara mbili, hapo ndo mwisho, usiachie ukiwa mbali zaidi ya hapo. Na ukiachia usizitume pale Yamato ilipo, tuma pale itakapokuwa akishakupa mgongo, maana umeshaona anageukia wapi.